Bwana Mkubwa Hatoki Kabla ya Saa Nne

Aliyetunga kanuni kwamba ndege hupigwa picha alfajiri hakuwahi kukutana na mwari. Shemeji yangu ndiye mfuasi wake mkubwa. Tangu anunue kamera haambiliki: mwanga mzuri ni wa asubuhi, basi saa kumi za usiku tumo barabarani kuelekea Ziwa Elmenteita, nami nimekabidhiwa thermosi ya chai, begi la lenzi na jukumu la kutolalamika. Hilo la tatu ndilo linalonishinda.

Kando ya ziwa kuna bustani ya wenyeji yenye migunga, mabenchi ya mbao na kibanda cha kiingilio. Binadamu analipa, na kamera ikiwa kubwa nayo inalipa. Baridi ya Bonde la Ufa saa kumi na mbili asubuhi haina adabu. Kikombe cha chai unakishika kwa ajili ya vidole, kiu baadaye. Na mwari wapo, tena mamia kwa mamia, wamejaa ufukweni. Wamelala. Midomo wameilaza mgongoni, imezama ndani ya manyoya. Ule mwanga wa dhahabu tuliohubiriwa wiki nzima ukawapitia juu, wala hakuna aliyefumbua jicho.

Tusiwalaumu. Mwari mweupe dume huweza kuzidi kilo 10, na mabawa yakitandazwa hufika mita 3 kutoka ncha hadi ncha. Mzigo huo hausafirishwi kwa kupigapiga mabawa njia nzima. Yeye husubiri jua liipashe ardhi moto, hewa ianze kupanda, kisha huingia humo akazungukazunguka hadi juu kabisa, halafu huteleza mpaka anakokwenda. Nauli hakuna. Mwanasayansi Colin Pennycuick, aliyeandika mwaka 1972 kuhusu ndege wakubwa wa Afrika Mashariki wanaoelea, aliwafuata hukohuko angani kwa ndege ndogo ambayo injini yake huzimwa ikaendelea kuelea. Huyo alikuwa na akili. Hakuketi kwenye benchi lenye umande.

Na safari yenyewe ni ya chakula. Elmenteita ni ziwa la magadi. Visiwa vyake vya mawe ni salama kwa kutagia kwa kuwa fisi hafiki, ndiyo maana hapa ni mazalio makuu ya mwari weupe katika eneo hili, na tangu 2011 ziwa hili limo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia pamoja na Nakuru na Bogoria. Lakini kwa miaka mingi samaki wa maana hawakuwemo. Sufuria ilikuwa Nakuru, ambako walipandikizwa perege wadogo kutoka Ziwa Magadi ili wale viluwiluwi vya mbu. Mwari wakaona wameandaliwa karamu. Wengine huelekea Naivasha. Jioni mzazi akirudi, kinda hatoi hata salamu: humtumbukizia kichwa kizima kooni akaanza kujihudumia. Nina watoto, nimemwelewa mzazi huyo.

Kufikia saa mbili uvumilivu wa wapiga picha ulikuwa umekwisha. Bwana mmoja mwenye fulana ya mifuko kumi na kitu akaanza kupiga makofi na kupuliza filimbi ili ndege waruke. Kijana wa bustani akamfuata mbio, na maneno aliyomwambia hayaandikiki gazetini. Alistahili. Mwari akisumbuliwa wakati wa kutaga huweza kuyaacha mayai, na huko kwenye visiwa korongo marabou yuko macho.

Saa nne kasoro wakaanza kuondoka. Huyu wa karibu alikimbia juu ya maji akisukuma kwa miguu yote miwili kwa pamoja, maji yakimrukia tumboni, mfuko wa kidevuni ukitikisika, nikasema leo hafiki popote. Akafika. Dakika chache baadaye wote walikuwa duara moja kubwa linalopanda, weupe wakigeuka upande huu, weusi wa ncha za mabawa ukionekana wakigeuka upande ule. Nilisahau kulalamika.

Shemeji hakuliona hilo duara vizuri. Alikuwa ameinama anafuta picha, kwa sababu kadi ya kamera ilikuwa imejaa mwari waliolala.

"Wazee, hawa kila siku hutoka saa nne," kijana wa bustani akatuambia kwa upole. "Mngepiga simu tu."

Kwa hiyo, msomaji, ukienda Elmenteita, lala mpaka kuche. Kunywa chai nyumbani, fika saa tatu, beba kofia na darubini, na visiwa uviangalie kwa mbali. Mtu akikuambia muondoke saa kumi za usiku, simu yako imeisha chaji.