Siku 192 za Baba Watoto

Mwanzoni mwa Machi 2020 Baba Watoto aliaga hapa Butembo, akavuka mpaka wa Kasindi kwenda Kasese, Uganda, kutengeneza mashine za kukobolea kahawa. Alikuwa na kibali cha kazi cha muda. "Miezi miwili tu, Mama Watoto," aliniambia, nami nikamfungia ndizi za njiani.

Usiku wa kuamkia 23 Machi Uganda ikafunga mipaka kwa sababu ya korona. Sisi huku tulikuwa bado tunanawa maji ya klorini kwa sababu ya Ebola, ambayo ilitangazwa kwisha 25 Juni. Watoto waliuliza kila jioni baba anarudi lini. Mipaka ilifunguliwa 1 Oktoba.

Alirudi amekonda, na karatasi zake za mshahara mfukoni. Baada ya bukari na sombe tulizitandaza mkekani. Mshahara wa mwezi ulikuwa shilingi 600,000 za Uganda. Kodi iliyokatwa, 105,500. Kaka yangu, ambaye hutunza hesabu za mfanyabiashara mmoja wa Kasindi, alizisoma mara mbili.

"Shemeji, wamekukata kama asiye mkazi."

Alitueleza. Wakati huo mkazi wa Uganda hakutozwa kitu kwenye shilingi 235,000 za kwanza za mwezi. Asiye mkazi alitozwa 10% tangu shilingi ya kwanza. Kwa mshahara ule mkazi angelipa 82,000. Kila mwezi zilikuwa zimepotea 23,500, yaani 164,500 kwa miezi saba.

"Lakini mimi ni mgeni kweli," Baba Watoto alijibu. "Kibali changu ni cha muda."

"Kodi haiangalii kibali peke yake. Inahesabu siku. Ukifikisha 183, wewe ni mkazi."

Tukahesabu kwa vidole na punje za maharagwe. Hata tukianzia tu siku mpaka ulipofungwa, hadi 30 Juni, mwaka wa kodi wa Uganda unapokwisha, siku 100. Tangu 1 Julai hadi mwisho wa Septemba, siku 92. Baba Watoto alivunjika moyo, maana hakuna upande uliofika 183. Kaka akatikisa kichwa: sheria inachukua miezi 12 yoyote inayoanza au kuishia ndani ya mwaka wa kodi, kwa hiyo 30 Juni haizikati siku hizo. Jumla ni 192. Siku zile nilizozihesabu kwa machozi zilikuwa zimemfanya mume wangu mkazi wa nchi nyingine.

Furaha haikulala. Asubuhi kaka alisema mkazi kwa kawaida hutangaza pato lake la kokote duniani, na sisi tuna kijumba cha kupangisha Beni.

"Nyumba hiyo aliijenga marehemu mume wangu," mama mkwe alisema. "Uganda inaidai nini?"

"Mama, kodi iliyokwisha kulipwa huku kwa pato hilo hupunguzwa kwenye ile ya kule. Ila lazima risiti ionekane."

Kongo na Uganda hazikuwa na mkataba wa kuzuia kodi mara mbili. Tuliona ngao yetu ni risiti ile moja. Tulipindua magodoro, tukafungua kila daftari la shule. Siku ya tatu mama mkwe alinyamaza ghafla, akaenda jikoni, akamwaga debe la mbegu za maharagwe. Risiti ilikuwa chini kabisa. Aliitandika yeye mwenyewe kuzuia unyevu. Alilia, nami nikamkumbatia.

Baba Watoto aliandika barua kwa mwajiri, akaambatisha nakala ya mihuri ya pasipoti. Makato yalirekebishwa, shilingi 164,500 zikarudi. Tulizitumia kulipa ada ya shule.

Ndugu msomaji mwenye mtu ng'ambo ya mpaka, Kampala au mbali zaidi: mwambie agongeshe muhuri kila anapovuka, aandike siku zake, na aulize amekatwa kama mkazi au la. Nanyi mliobaki nyumbani, risiti msiziweke kwenye debe la mbegu. Ziwekeni pamoja na vyeti vya watoto.