Heko kwa Tarehe Inayokaa Kushoto

Wachambuzi wa data wameisema vibaya mno tarehe iliyobaki kuwa maandishi kwenye Excel. Wanaiita uchafu. Wanaiwekea fomula ya DATEVALUE, nayo inawarudishia #VALUE! na kubaki palepale, imejibanza kushoto mwa seli huku wenzake waliokubali kuwa namba wakijipanga kulia. Imesubiri heshima yake kwa muda mrefu.

Chukua karani wa SACCOS aliyepewa kompyuta yenye mipangilio ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Daftarini mkopo umeandikwa 05/08/2023, yaani 5 Agosti. Excel inaupokea kwa bashasha kama 8 Mei, inaugeuza kuwa namba 45054, na deni la mtu linazeeka kwa siku 89 bila yeyote kugutuka. Mkopo wa pili ni wa 25/08/2023. Hapo programu inatafuta mwezi wa 25, inaukosa, inaiacha tarehe kama ilivyo. Huyo ndiye mkweli wa safu nzima!

Na wakweli si wachache. Katika siku 365 za mwaka, 144 zina namba ya siku isiyozidi 12. Ondoa zile 12 za aina ya 5/5, ambazo zikigeuzwa hazibadiliki, zinabaki 132 za kupotoka kimyakimya. Zilizosalia, 221, zinagoma hadharani, na ni mgomo huo unaomfanya karani ashtuke na kuwakagua wale waliotii haraka. "12 Machi 2023" nayo, kwenye Excel ya Kiingereza, hugoma kwa sababu ya lugha tu.

Wanabiolojia wanaijua adha ya utii huo. Jeni SEPT2 na MARCH1 hazikuwahi kuwa tarehe, lakini zikichapwa tu Excel ilizifanya 2 Septemba na 1 Machi. Utafiti wa mwaka 2016 ulikuta takriban makala moja kati ya tano za jenomiki zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel ina makosa ya namna hii. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikasalimu amri: jeni hizo sasa ni SEPTIN2 na MARCHF1. Binadamu walibadilisha jina la jeni kwa kuogopa lahajedwali. Swichi ya kuzuia Excel isigeuze maandishi kuwa tarehe ikaja 2023.

Maandishi yenyewe hayana makuu. Kwenye lugha ya R yaambiwe %d/%m/%Y, kwenye pandas ya Python dayfirst=True, yaani siku kwanza, nayo yanakubali kuwa tarehe; yalichotaka ni kuulizwa kwanza.

Excel haina desturi ya kuuliza. Andika 60 kwenye seli, iamuru ioneshe tarehe, nayo italeta 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwahi kuwapo, kosa lililorithiwa kutoka Lotus 1-2-3 na kuachwa makusudi ili mafaili ya zamani yasivurugike. Inakaa kulia, imenyooka.