Video Haioshi Jerikeni

Maziwa ya ngamia ya Isiolo husafiri kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Yakichacha njiani, lawama humwangukia mama wa ushirika, naye mkufunzi humtumia kwa simu video ya usafi yenye maswali ya kuchagua jibu. Akipata 10 kwa 10, cheti huchapishwa. Jerikeni ya plastiki hubaki na utando wake. Mtasema simu huokoa nauli ya mama ya kutoka kijijini Kulamawe hadi mafunzoni. Kweli, na video hurudiwa hata mara tano bila kumchosha mtu. Basi video iachiwe nadharia, na nauli iliyookolewa impeleke mkufunzi kwenye kituo cha kupokelea maziwa alfajiri, asugue jerikeni na kupima uchachu pamoja na akina mama. Ila pale, jamani, hakuna chai ya saa nne wala posho.