Gari Namba A, Rimu Namba E

Jirani yetu ana Toyota Mark II, GX100, namba A. Fundi wa Gerezani kamweleza bila kumung'unya maneno: taiming belti, ambayo hubadilishwa kila kilomita 100,000, imechoka, bushi zimekwisha, shokapu zinavuja. Bwana akaguna, "Pesa yote hiyo kwa gari la zamani?" Kisha akavuka barabara, akanunua rimu za sport, tinti na spika za kutikisa madirisha ya mtaa mzima. Kwake yeye, kisichoonekana hakijaharibika.

Wenye busara walimshauri ajumlishe gharama, azilinganishe na bei ya gari sokoni. Kama bodi haina kutu na injini hailambi oili, belti mpya ni nafuu kuliko mkopo wa gari jingine. Lakini yeye hajumlishi. Risiti anazichana hukohuko dukani, mama watoto asije akamjumlishia.

Juzi, juu ya Daraja la Mfugale, belti ikakatika. Injini ikazima, muziki haukuzima. Tuliosukuma tunakiri: rimu zinang'aa kwelikweli, hasa ukiwa umeinama.