Njano Ilikuwa Bado: Mwongozo wa Kupinga Kosa la Taa kwa Dereva wa Mangapwani

Mwongozo huu haumhusu dereva wa Mjini. Yeye taa kazizoea, anajua ipi ya kutii na ipi ya kuisalimia tu akapita. Mwenye dhiki ni dereva wa Mangapwani, ambako hakuna taa hata moja ya kuongozea magari. Huko magari yanaongozwa na ng'ombe, matuta, mtoto anayetoka chuoni na juzuu kwapani, na mzee anayevuka bila kutazama huku wala kule kwa sababu yeye alikuwepo kabla ya lami. Dereva huyo anatoka kwao alfajiri na gari yake ya abiria, chai maharage, magunia ya dagaa juu ya paa, abiria wamebanana kwenye mabao, anapita Bububu salama salimini. Mashaka yanamwanza Mjini, taa ya kwanza inapomgeukia.

Basi kabla ya kubishana, jua unabishania nini. Nyekundu haina ubishi na kijani haina kesi. Ugomvi wote uko kwenye njano. Skuli tulifundishwa kwa kuimba: nyekundu simama, njano jiandae, kijani nenda. Jiandae kwa lipi, mwalimu hakusema, na kengele ikalia. Dereva wa chai maharage akajijazia mwenyewe: jiandae kukanyaga mafuta. Trafiki naye akajaza ya kwake: jiandae kuandikiwa. Tangu hapo wawili hao wanakutana kila siku kwenye njia panda, kila mmoja na jibu lake.

Sheria yenyewe haijui jiandae. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama na ishara za barabarani unasema njano inayofuata kijani maana yake ni usivuke mstari, isipokuwa taa imekuwakia ukiwa karibu mno na mstari hata huwezi kusimama kwa salama. Waingereza, waliotuachia kuendesha kushoto na kipilefti, wana kanuni hiyo hiyo: njano inakataza kama nyekundu inavyokataza, na ina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni huo wa kushindwa kusimama salama. Haraka haimo. Maiti unayemuwahi kumzika hayumo. Dagaa kuharibika hakumo. Shika "isipokuwa" hiyo kwa mikono miwili, maana ndiyo mali pekee uliyonayo, na utaona jinsi ilivyo rahisi kuipoteza katika dakika tano za mwanzo.

Unaipoteza hivi:

"Assalamu alaykum, shekhe."

"Waalaykumu ssalaam. Leseni."

"Kwani vipi, afande?"

"Umepita nyekundu."

"Njano, afande. Njano ilikuwa bado."

"Ilikuwa bado nini?"

Nyamaza hapo hapo. Swali hilo limewashinda wengi wenye elimu kuliko wewe. Ukisema "ilikuwa bado kwisha," umekiri kwamba uliiona mapema na ukaamua kuiwahi. Ukisema "hata sikuiona," umekiri kubwa zaidi. Toa leseni, sema "nakusikia afande," na tazama saa.

Hutanyamaza, lakini. Na ukinyamaza wewe, utingo hatanyamaza. Atateremka bila kuitwa, shati limefunguka vifungo, aanze kueleza kwamba taa hizi ni mbovu tangu juzi na kila mtu anajua. Nyuma yake bi mkubwa mmoja atatoa kichwa dirishani: "Mwachie mwanangu, kijana wa watu huyu, ana watoto!" Wakati huo huo, kwenye kona ya bao la mwisho, atakuwepo abiria mmoja mkweli. Gari za shamba hazijapata kukosa abiria huyo. Hajasema neno tangu Mangapwani, na sasa atalisema, kwa sauti ya kusikika vizuri: "Mie naliona nyekundu kabisa." Usimjibu. Atateremka kabla ya wengine, na nauli atalipa kamili.

Kisha kuna njia ya muhali, ambayo mwongozo huu unaitaja kwa sababu msomaji angeshangaa usipoitaja. Unamuuliza askari kwao wapi. Akisema Donge, wewe una shangazi Donge. Akisema Pemba, unauliza Pemba ya wapi. Kwa swali la tatu, Unguja na Pemba hakuna asiyekuwa ndugu wa mtu, na huyo askari ataanza kuona haya kumwandikia shemeji wa binamu yake. Visiwani tuna mamlaka ya kuzuia rushwa, ZAECA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na katika mambo inayoyapigia kelele limo hili la rushwa muhali, ambalo noti haipiti mkononi ila haki inapita pembeni. Mimi nakukataza kwa sababu ya hesabu. Faini unalipa mara moja, unapewa risiti, yamekwisha. Muhali hauna risiti. Mwezi wa harusi utampokea shemeji huyo mlangoni akiomba gari ya kuwapeleka watu Nungwi na kuwarudisha usiku, na utaitoa, mafuta juu yako.

Tuje kwenye lenye faida: kupima. Hapa ndipo dereva wa Mangapwani anapoweza kumshinda wakili, kwa vile yeye ana miguu na wakili ana faili.

Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 kila sekunde. Taa ikigeuka njano, jicho lione, akili ikubali, mguu uhame kutoka mafuta kwenda breki: hesabu sekunde moja, mita 14 zimekwenda. Breki ya kistaarabu, ile isiyomrusha bi mkubwa kutoka kwenye bao, inataka mita nyingine 32 hivi. Jumla 46. Upande wa pili, Uingereza njano yao inawaka sekunde 3, na kwa sekunde 3 mwendo huo unakufikisha mita 42. Sasa tafakari ukiwa mita 44 kutoka kwenye mstari. Ukifunga breki, unasimama ukiwa umeshauvuka mstari. Ukienda, nyekundu inakuwahi. Hakuna ulichofanya kibaya na hakuna jema unaloweza kufanya. Mabingwa watatu wa Marekani, Gazis, Herman na Maradudin, waliliandikia tatizo hili makala mwaka 1960, wakaonyesha kwamba taa iliyopangwa vibaya inaweza kumpa dereva mwaminifu amri isiyotekelezeka. Watu watatu wenye shahada wamekutetea kabla hujazaliwa, na hukuwalipa hata kikombe cha kahawa.

Usikimbilie kushangilia. Hesabu hiyo ina ulimi mkali. Fanya mwendo uwe kilomita 30: unasimama ndani ya mita 20, na sekunde 3 zinakupitisha mita 25. Uchochoro wa mkosi, ule wa kati ya mita 42 na 46, umetoweka. Popote ulipokuwa, ama ungesimama ama ungepita. Aliyekuja polepole hana pa kujificha. Fanya 70: kusimama kunataka mita 82 na njano inakupa 58, uchochoro umekuwa mita 24, nafasi ya kutosha kuegesha chai maharage tatu. Kadiri ulivyokwenda mbio ndivyo hesabu inavyokutetea kwenye taa na kukushitaki kwenye mwendo. Ukiitaja 70 mahakamani, hakimu atakushukuru na karani atachukua karatasi mpya.

Kwa hiyo rudi kwenye njia panda siku ya pili, kwa miguu, kabla jua halijakaza. Washa saa ya simu, pima njano inakaa sekunde ngapi, rudia mara kadhaa. Hesabu hatua kutoka kwenye mstari hadi pale uliponyanyua mguu. Kama kuna mstari. Hili usilidharau: mstari mweupe ukishalambwa na matairi na mvua za masika hubaki vumbi, na shitaka la kuvuka mstari linataka mstari. Piga picha, kiatu chako kikiwa pembeni kuonyesha ukubwa. Watu watakutazama. Muuza madafu atauliza unapima kiwanja cha nani.

Ukiona haya, mkumbuke Mats Järlström, Msweden anayeishi Beaverton, jimbo la Oregon, Marekani. Mwaka 2013 mkewe alinaswa na kamera ya taa. Bwana akakaa chini na kalamu, akagundua kwamba kanuni ya kupangia urefu wa njano inamsahau dereva anayepunguza mwendo ili akate kona. Alipoanza kuwaandikia wakubwa, bodi ya wahandisi ya jimbo ikampiga faini ya dola 500 kwa kufanya uhandisi bila leseni. Hesabu hawakuijibu, walimwuliza kibali cha kuhesabu. Akawashitaki, mwishoni mwa 2018 mahakama ikampa haki ya kusema na kujiita mhandisi, na mwaka 2020 taasisi ya wahandisi wa usafiri ikatoa mwongozo mpya wenye hesabu yake ndani. Alishinda. Ilimchukua miaka saba. Kabla ya kufuata nyayo zake, watazame dagaa juu ya paa na ujiulize wanavumilia miaka mingapi.

Juu ya sheria, ninalo moja tu la kukuonya, na wengi wamenaswa nalo. Bara wana Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Zanzibar tuna yetu, Sheria ya Usafiri Barabarani namba 7 ya mwaka 2003. Askari wanatoka jeshi moja la Muungano, sheria ni mbili. Yule wakili kijana wa kwenye simu, mwenye tai nyekundu, anayekwambia trafiki hana ruhusa ya kufanya hivi na vile, anaongelea sheria ya kwao Bara. Ukimsomea hakimu wa Unguja kifungu cha Dar es Salaam, atakusikiliza mpaka mwisho kwa adabu kabisa, kisha atakuuliza ulivuka na boti ya saa ngapi.

Na ukivuka kweli, ukakamatwa Dar na ile karatasi ya shilingi 30,000 waliyoizoea madereva wa Bara, fahamu kwamba kule taa na askari mara nyingi hufanya kazi pamoja kwenye njia panda moja bila kusikilizana. Taa inasema simama, mkono wa askari unasema njoo. Mtii mkono, mkono uko juu ya taa. Lakini hakikisha umekuita wewe. Huenda ulikuwa unamfukuza nzi. Tazara na Ubungo ubishi huo ulipozidi, serikali iliona nafuu kujenga barabara angani: daraja la Mfugale likafunguliwa 2018, la Kijazi 2021. Nasi Zanzibar tumeshaanza kuinua barabara, Mwanakwerekwe na Amani. Wakati mwingine njia ya kushinda kesi ya taa ni kungoja daraja.

Wala usidhani ugomvi huu ni wa jana. Taa ya kwanza ya kuongoza magari iliwekwa London mwaka 1868, mbele ya Bunge, ikiwaka kwa gesi na kuzungushwa kwa mkono na askari. Haikumaliza miezi miwili: ililipuka, ikamjeruhi askari mwenyewe.

Sasa tuseme daraja hukulingoja, umeamua kwenda mahakamani. Vaa kanzu, au shati lenye mikono. Utasomewa shitaka na utaulizwa kweli au si kweli. Hapa Mswahili huponzwa na malezi. Kukataa moja kwa moja mbele ya mkubwa anaona ufidhuli, basi anajibu: "Ni kweli mheshimiwa, lakini..." Yaliyofuata "lakini" ni ya kupunguziwa adhabu. Hatia imeshaandikwa huko nyuma, kwenye "ni kweli." Jibu "si kweli," ufunge mdomo, uvumilie kuonekana huna adabu kwa muda mfupi. Ukishasema hivyo mzigo si wako tena: upande wa mashitaka ndio wa kuthibitisha, bila kuacha shaka. Na shaka, kwenye njano, iko tele.

Siku ya ushahidi watakupa nafasi ya kumwuliza askari. Usimwulize kwa nini aliwaacha wenye magari makubwa. Usimkumbushe shangazi yako wa Donge. Uliza moja tu: "Taa ilipogeuka njano, mimi nilikuwa umbali gani na mstari?" Hakusimama upande wako. Alikuwa akitazama taa, au gari, au simu. Vyote vitatu kwa mara moja havitazamiki. Akisema mita kumi, ndiyo hiyo "isipokuwa" yako, maana kwa mita kumi hata gari inayokwenda kilomita 30 haiwezi kusimama salama. Akisema mita mia, muulize alizipimaje, kisha toa picha ya kiatu.

Lakini jiandae, na neno hili sasa nalitumia kwa maana yake, kwa jambo lililo karibu zaidi kukutokea. Utaamka usiku, utaacha dagaa wa watu, utafika kabla mlango haujafunguliwa, utakaa kwenye benchi na picha zako kwenye bahasha. Itakapofika saa nne karani atatoka na kutangaza kwamba kesi imeahirishwa. Shahidi hakuweza kuja, yuko kazini. Umeme umekatika, taa zimezima, na yuko pale pale njia panda anaongoza magari kwa mkono.