Mdhamini Alipoingia Baa Yetu

Baa ya mtaani ina katiba yake, ingawa haijaandikwa popote. Mzee mstaafu wa bandari anakaa kona ya feni. Mafundi magari wanakaa karibu na jiko kwa sababu wao ndio wanaomaliza mishikaki. Mwalimu anaipa barabara mgongo, asije akaonwa na wazazi wa wanafunzi wake. Mhudumu naye akikuona unaingia hakuulizi unakunywa nini. Anauliza tu, "Ya baridi au ya moto?" na hata hilo analiuliza kwa heshima, jibu analijua. Hapa Sinza katiba hiyo ilitutunza kwa amani hadi pale kampuni moja ya bia ilipoamua kutuletea sherehe ya muziki.

Jina la kampuni silitaji. Bia yao nainywa, na sina ugomvi nayo ikikaa ndani ya chupa.

Bango lilitangulia. Juu kulikuwa na picha ya msanii wa Bongo Fleva aliyevaa miwani ya jua usiku. Chini yake, kwa herufi za kutafuta kwa tochi, ikatajwa bendi ya muziki wa dansi, ambayo kwa watu wa umri wetu ndiyo iliyokuwa sherehe yenyewe. Kiingilio bure. Neno hilo lilimtoa shemeji yangu Mbagala kwa daladala mbili, yeye ambaye msiba wa Ubungo tu humshinda kwa sababu ya foleni.

Tulipofika, kona ya feni ilikuwa imevalishwa kitambaa chenye rangi za kampuni, na juu ya meza kuna kadi: imehifadhiwa. Mzee wa bandari alikuwa amesimama mbele ya kiti chake kama mtu aliyekuta nyumba yake imepigwa alama ya X. Kijana mwenye kitambulisho shingoni akamwendea kwa adabu zote.

"Shikamoo mzee wangu. Samahani, hapa ni VIP."

"Marahaba. VIP ndiyo nani?"

"Wageni wa kampuni, mzee."

"Na mimi ni mgeni wa nani?"

Swali hilo kwenye semina yao halikufundishwa. Kijana akatabasamu, akatusindikiza nyuma kabisa, jirani na choo, chini ya turubai lililokuwa limehifadhi mvua ya jana yake. Baadaye mtu mmoja mwenye nia njema alilisukuma turubai kwa mpini wa dekio ili maji yatoke. Yalitoka. Yalitua yote kwenye chipsi mayai za mwalimu, ambaye kwa mara ya kwanza alionekana na barabara nzima, amesimama, analowa, anatukana kwa Kiswahili sanifu. Zile meza za VIP nazo zilikaa tupu mpaka saa nne usiku. Wageni wakaja, wakapiga picha na chupa, wakaondoka kabla nyama yao haijaiva.

Tuje kwenye bia. Kampuni ilitaka usiku ule inywewe ya kwao peke yake, na ni haki yao, wao ndio waliolipia spika. Ila makreti yaliletwa alasiri juu ya pikapu lisilo na kivuli, yakashushwa juani, kisha yakagawanywa kwenye mafriji ambayo yenyewe yalikuwa yanapumua kwa shida. Swali la mhudumu likafutwa. Zote zilikuwa za moto. Na friji la kampuni pinzani, lile kubwa la mlango wa kioo, ambalo ndilo pekee lenye baridi ya kueleweka, lilifunikwa shuka la kitanda. Shemeji yangu ni muumini wa hiyo kampuni pinzani tangu ujana, habadiliki. Mhudumu wetu, Mungu amzidishie, alikwenda nyuma ya shuka akarudi na kikombe cha chai na sahani yake. Kwa usiku mzima shemeji alikunywa bia kwenye kikombe, povu juu, na kila kijana wa kitambulisho alipopita alikipuliza.

Kulikuwa na ofa ya fulana ukifikisha idadi fulani ya vizibo. Fulana zilikuwa za saizi moja, na saizi hiyo ni ya mtoto anayejiandaa kuingia darasa la saba. Fundi mmoja alivaa ya kwake kwa ushujaa. Ikaishia juu ya kitovu, maandishi ya kampuni yakanyooka kifuani hadi hayasomeki. Sijui ni nani hupima watu hawa wanaokunywa bia kabla ya kushona fulana zao. Inaelekea hupimwa wale wa kwenye matangazo, ambao hata siku moja sijawaona baa.

Haya yote ningeyasamehe. Lililonitoa kwenye reli ni chemko.

Asiyejua muziki wa dansi na avumilie kidogo. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Kwanza wanakupa kisa taratibu: mke kaondoka, rafiki kageuka, mjomba kadhulumu urithi. Hapo umekaa, unakunywa, unatikisa kichwa kwa masikitiko kana kwamba mjomba huyo ni wa kwenu. Kisha mpiga solo anabadilisha, ridhimu inakaza, tumba zinaamka, domo la bata linaingia, waimbaji wanaacha visa na kuanza kuita. Hilo ndilo chemko. Watu hawatoki Mbagala kwa daladala mbili kwa ajili ya mjomba wa mtu. Wanafuata chemko.

Bendi ile ilikuwa nzuri, na nasema hivyo nikiwa nimesikiliza nyingi. Ina wazee watatu wanaopiga wamekaa, na kijana wa besi anayewaheshimu. Wimbo wa kwanza wakausimulia vizuri, kisa kikaiva, solo ikapanda, watu tukasogeza viti. Mama wa genge la mkaa, mtu wa kilo zake, akawa ameshafika katikati na mikono imenyanyuka. Hapo hapo mshereheshaji akaruka jukwaani. Yeye alikuwa na maiki yake peke yake, na maiki hiyo ilizidi vyombo vyote vya bendi vikijumlishwa.

"Bendi, bendi, bendi! Shusha kidogo! Nani yuko tayariii?"

Tayari kwa nini, hakusema. Akataja kauli mbiu ya kampuni, akatutaka tuirudie, tukairudia kwa uchovu, akatutaka tena kwa nguvu. Mama wa mkaa alibaki na mikono juu, hajui aishushe au aungane na kauli mbiu. Mpiga solo aliendelea chini chini kwa muda, kwa ukaidi wa kizee, kisha akaacha. Wimbo uliofuata, vivyo hivyo. Na uliofuata. Jamaa alikuwa na sikio la ajabu: alijua pahali penyewe pa kukata, kwa usahihi ambao ungemfaa kama angekuwa mpiga tumba. Tukasikiliza visa vya huzuni usiku kucha bila kuchezea hata kimoja. Sijawahi kutoka kwenye dansi nikiwa na majonzi ya watu wengi kiasi kile.

Baina ya misiba hiyo kukawa na chemsha bongo. Swali: bendi ya Msondo ilianzishwa mwaka gani? Mzee wa bandari akanyanyua fimbo kutoka kule chooni. "Elfu moja mia tisa sitini na nne," akasema, "na wakati huo ikiitwa NUTA Jazz, ya chama cha wafanyakazi." Mshereheshaji akatazama kadi yake. "Umekosaaa, mzee wangu!" Kijana mmoja mbele akabahatisha 1978, akashangiliwa, akapewa mwavuli. Mzee alijaribu kueleza kwa upole kuwa 1978 ni mwaka wa Mlimani Park, Sikinde, na kwamba kuchanganya Sikinde na Msondo mbele ya watu wazima ni kutafuta ugomvi. Maiki ilikwisha kwenda kwingine. Mwavuli ule, nitaongeza, ndio chombo pekee chenye manufaa kilichotolewa usiku ule, na aliyeuhitaji ni mwalimu.

Sasa mtu asiseme sipendi udhamini. Muziki wa dansi umelelewa na wadhamini tangu zamani, na wadhamini wenyewe walikuwa wazito. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilikuja kuwa ya DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana ya zile herufi. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na Kimulimuli, polisi walikuwa na yao, na Shirika la Bima la Taifa lilimiliki Bima Lee. Mwanamuziki alikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi na vyombo vya mwajiri. Mdhamini alijitangaza kwa jina la bendi, basi. Hakuna hata siku moja mtu alisimamisha chemko la Bima Lee ili atuuzie bima ya moto.

Wala ugonjwa huu si wa Sinza peke yake. Ireland, mwaka 2009, bia ya Guinness ilitimiza miaka 250 tangu Arthur Guinness atie saini mkataba wa kiwanda chake cha Dublin, tarehe 31 Desemba 1759. Mkataba wenyewe ulikuwa wa miaka 9,000 kwa kodi ya pauni 45 kwa mwaka. Wapangaji wenzangu wa Sinza, mnaodaiwa kodi ya miezi sita mkupuo, msome hapo polepole. Basi ikaanzishwa Siku ya Arthur, kila Septemba, wanamuziki wanapiga ndani ya baa, na saa 17:59 watu wote wanainua glasi kuukumbuka mwaka 1759. Kwa saa zetu za Kiswahili hiyo ni saa 11 na dakika 59 jioni, kwa hiyo sisi tungekuwa tunasherehekea mwaka 1159, na bia hiyo haijapata hata babu. Huko nako wenyewe walichoka. Mwaka 2013 Christy Moore, mwimbaji wao mkubwa, aliitungia siku hiyo wimbo wa kuisema, watu wengine wakalalamikia ulevi wa barabarani, na Januari 2014 kampuni ikatangaza kuwa siku hiyo haitarudi. Ilidumu kuanzia 2009 hadi 2013. Mkataba uliandikiwa miaka elfu tisa; siku yake haikufikisha hata kumi.

Nirudi nyumbani. Msanii wa bango alifika saa saba usiku na walinzi wanne, katika baa ambayo mtu hatari kuliko wote ni mchoma nyama. Bango lilisema ataimba moja kwa moja. Alishika maiki, kweli, lakini sauti ilitoka kwenye kompyuta ya DJ, na mara mbili sauti iliendelea wakati maiki iko kiunoni. Vijana hawakujali, wakainua simu zao juu wakirekodi. Katikati ya wimbo wa pili, mkono wa msanii uko hewani, muziki ukakatika, na spika zote, zile za mdhamini, zikatangaza kwa sauti nyororo ya mama: nepi zisizovuja, mtoto alale usiku kucha. DJ alikuwa anapiga wimbo kutoka mtandaoni na tangazo limeingia. Msanii, kwa uzoefu wake, aliendelea kucheza. Sisi tuliokaa jirani na choo, tukiitazama foleni yake usiku kucha, tuliona ndilo tangazo pekee lenye msaada.

Ikabaki bili. Hesabu ya baa zetu ni chupa: tupu hazitolewi mezani, zinasubiri zihesabiwe. Utaratibu huu haugombanishi watu kwa sababu kila meza ina mchanganyiko wake, mmoja anakunywa hii, mwingine ile, na chupa ya mwenzako unaitambua kwa nembo. Usiku ule baa nzima ilikunywa nembo moja. Meza zilisukumwa kupisha kamera, chupa zikahama na meza, na kufika saa nane hakuna aliyeweza kuapa ipi ni ya nani. Mhudumu alihesabu kwetu chupa ambazo tungezinywa sisi, leo tungekuwa tunakumbukwa kwa hitma. Shemeji akasimama kutetea meza. Akaambiwa athibitishe amekunywa ngapi. Akaonyesha kikombe cha chai. Kijana wa kitambulisho akasogea kusikiliza, naye shemeji, kwa kuogopa kuiponza kazi ya mhudumu wetu, akalipia bia za wengine na kusema yeye alikunywa chai.

Getini nilikutana na mpiga solo akifunga gitaa lake kwenye mfuko. Nikampa pole ya chemko. Akacheka, akasema sehemu ya malipo yao wamepewa bia. Nikamuuliza, za baridi? Akanitazama tu.

Kwa hiyo wenye kampuni, mkipanga kuja tena, njooni. Tundikeni bango nyuma ya mpiga ngoma, wapeni wazee wale mshahara wa fedha, mzee wa bandari mwachieni kona yake, na mshereheshaji akae chini mpaka chemko liishe. Ataikuta hadhira yote imesimama, ina kiu. Na fulana mkileta, ziwe za watu wazima.