Umeizima, Kumbe Imejiwasha

Mfyuu! Hapa Kapata, Kolwezi, tumezoea kuudhika: vumbi la malori ya madini, kuraa (umeme) inayokatika bila kuaga, bei ya unga. Ila hili la ordinatere (kompyuta) kukataa kuzimika, hili tumeletewa mlangoni.

Ulizeni pale sekretaria, vijana wanapochapishiwa barua za kuomba kazi migodini. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo kila mwenye mashine anataka Windows 11, hata wenye makuukuu yaliyochokea Ulaya kabla ya kufika Kolwezi. Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Zetu nyingi hazina. Fundi anaizunguka sheria, anaipachika kwa nguvu, anapokea franka zake, huyoo. Jioni mama wa sekretaria anabonyeza kuzima. Kioo kinakuwa cheusi, feni inaendelea kuvuma.

"Muzee, hii imezima ama haijazima?"

Haijazima, mama. Na washauri hawakosekani: huyu anasema virusi, yule anasema husuda ya jirani. Tsk! Mara nyingi ni draiva tu. Zile programu ndogo zinazoongoza bodi na umeme wa mashine zimebaki za zamani, hazisikilizani na mfumo mpya. Chomoa kwanza printa na flashi, ujaribu tena. Ikigoma, nenda kwenye tovuti ya aliyeitengeneza mashine, tafuta modeli yako hasa, uchukue draiva za chipseti.

Halafu kuna ujanja wa kuwaka haraka, ulioanza na Windows 8 mwaka 2012. Ukibonyeza kuzima, mashine inafunga kazi zako, lakini kiini cha mfumo inakihifadhi kwenye diski ili kesho kiinuke upesi. Kwa hiyo kasoro ya jana, mashine inalala na kuamka nayo. Usiniamini mimi: fungua meneja wa kazi, tazama sehemu ya prosesa, pale penye muda wa kufanya kazi. Unazima kila usiku, yenyewe inakuhesabia siku na siku! Cha kuchekesha ni kwamba *Redémarrer*, yaani kuwasha upya, ndiyo inayosafisha kweli. Anayetaka kuzima kabisa ashikilie Shift wakati anabonyeza kuzima. Anayetaka kuumaliza ujanja huo afungue kidirisha cha amri kwa haki za msimamizi, aandike powercfg /h off. Atapoteza hali ya kulala kwenye diski, na kuwaka kutachelewa kidogo. Tuna haraka gani?

Lakini kilichonisonyesha mimi ni kile kitufe cha kusasisha na kuzima. Kwa miaka mtu alikibonyeza, mashine ikasasisha, kisha badala ya kuzima ikajiwasha upya! Microsoft walianza kutoa tiba mwishoni mwa Oktoba 2025. Wewe umeshafunga laptop, umeiweka kwenye begi, umeenda kulala. Yenyewe inakula batri humo gizani, asubuhi iko sifuri, na kuraa hakuna. Mji wenye kuraa saa zote hautauona ubaya wake. Sisi ile laini ya umeme kutoka Inga, kilomita kama 1,700, iliyokamilika mwaka 1982, inafikia hapahapa Kolwezi. Mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke tunayo jirani, juu ya mto Lualaba. Bado mama wa sekretaria anachaji kwa jenereta ya kukodi. Na batri yenyewe pengine ina kobalti ya huku kwetu. Mfyuu!

Basi, mama, mashine ikigoma usikimbilie kukandamiza kitufe cha umeme. Ukiona asilimia zinapanda kwenye kioo, iache iunganishwe na umeme mpaka imalize. Ukiikata katikati ya kazi, huenda kesho isiwake kabisa. Kama hakuna asilimia, na kioo ni cheusi kwa muda mrefu huku feni inavuma, hapo kandamiza mpaka ikatike, kisha ushughulikie draiva. Nakala za barua za watu ziweke kwenye flashi kabla ya yote.

Na wewe fundi uliyepachika Windows ukakimbia: pesa ya mama ulikula. Rudi umalizie kazi.